Shangazi, hisa ikishuka siku mbili, ya tatu ninunue?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua Mwaloni, hapa Kirumba, mizigo inayoshuka kutoka Ukerewe na visiwa vingine, napakia kwenda Dar es Salaam na mingine inavuka hadi Congo. Biashara haijanitupa. Ninalokuandikia ni jambo jingine.

Rafiki yangu aliniingiza kwenye grupu la WhatsApp la watu wanaotredi hisa za Marekani kwa simu. Wenzangu wanarukia kila kitu, mimi nikachagua kampuni moja tu, Nvidia, wale wa chipu za akili mnemba. Niliweka 1,500,000 za kwangu. Soko lao likifunguliwa saa kumi na nusu jioni simu iko mkononi, na likifungwa saa tano usiku naandika kwenye daftari: leo imepanda asilimia ngapi au imeshuka asilimia ngapi. Kurasa zimekuwa nyingi.

Daftari limenionyesha kitu, Shangazi. Hisa hiyo ikishuka siku mbili mfululizo, siku ya tatu inapenda kupanda. Nimehesabu vizuri. Mara 14 ilishuka siku mbili mfululizo, na katika hizo, mara 9 siku ya tatu ilifunga kijani.

Sasa kuna hela. Baba yuko Ukerewe, ameuza ng'ombe na kunitumia 2,400,000 nimtunzie, ni ada ya mdogo wangu anayeingia chuo kikuu mwezi wa kumi. Imekaa tu kwenye simu. Nimewaza kwamba miezi mitatu ni mingi. Nikivizia zile siku za tatu, niingie na kutoka, nikipata hata asilimia 3 kila mara, Oktoba ada itakuwepo na mimi nitakuwa na chochote cha kuongeza kwenye mtaji. Programu ninayotumia inaniruhusu kuingia kwa thamani mara tano ya hela yangu, kwa hiyo asilimia 3 inageuka 15.

Mke wangu anajua ile 1,500,000 tu. Anasema nimebadilika, naamka usiku kuangalia simu. Kweli, kuna wiki nimekuwa juu sana na kuna wiki nimekuwa chini ya nilichoweka. Lakini mimi ni mtu wa dagaa, kusoma bei ndiyo kazi yangu. Giza likiingia mzigo unajaa na bei inashuka, mwezi ukiwa mkubwa mzigo unakatika na bei inapanda. Kwa nini hisa isisomeke hivyo hivyo?

Nijibu kabla Julai haijaisha.

Kijana wa Mwaloni, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Ada usiiguse. Hilo nimeliweka mbele ili hata usiposoma mengine, hili uwe umelisoma. Lakini mtu aliyekaa na kalamu usiku baada ya usiku anastahili kujibiwa kwa hesabu, maana ukiambiwa "acha" bila sababu utaacha wiki moja tu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo zuri kuliko yote. Dagaa wanasomeka kwa kuwa nyuma ya bei yao kuna mwezi wenyewe. Wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikitawala ziwa taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika. Kila mtu mwaloni anajua tarehe hizo. Hata hivyo bei inaendelea kupanda na kushuka kila mwezi, kwa nini? Kwa sababu dagaa wa wiki ijayo hawawezi kuuzwa leo, wako majini. Na aliyenao leo, kuwahifadhi kuna gharama: ghala, mvua, wadudu, riba ya mkopo. Kwa hiyo kujua hakuondoi tofauti ya bei.

Hisa haina ghala wala haiozi. Tuseme ni kweli kabisa kwamba baada ya siku mbili nyekundu ya tatu hupanda, na watu wanajua. Nani atasubiri ya tatu? Watanunua jioni ya siku ya pili, bei itapanda jioni ile ile, na siku ya tatu haitabakiwa na kitu. Ujue pia unashindana na nani. Upande wa pili wa simu yako kuna kampuni kubwa zenye kompyuta zinazopekua mwenendo wa namna hii usiku na mchana. Njia rahisi kama hiyo ikijitokeza, wanaimaliza wao kabla hujafungua daftari.

Basi 9 kati ya 14 zilitoka wapi? Chukua shilingi, irushe mara 14. Uwezekano wa kupata mwenge mara 9 au zaidi ni karibu asilimia 21, yaani watu watano wakirusha, mmoja hivi atakuja na matokeo kama yako. Sasa fikiria grupu lenu lina watu wangapi, na kila mmoja ana kanuni yake: wa Ijumaa, wa mishumaa mitatu (vile vijiti vya kijani na vyekundu vya kwenye chati), wa asubuhi ya mwisho wa mwezi. Waliobahatika wanapiga kelele na waliokosa wananyamaza. Wewe umebahatika kidogo, na sikulaumu kwa kuamini ulichokiona kwa macho yako. Ongeza na hili, kwamba hisa hii kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipanda kwa jumla, hivyo siku za kijani zimezidi kidogo nyekundu hata bila kanuni yoyote. Sehemu ya ushindi wako ni hiyo.

Nikupe mfano halisi. Tarehe 18 Juni 2024 Nvidia iliipita Microsoft ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Siku iliyofuata soko lilikuwa na sikukuu. Tarehe 20 hisa ikashuka asilimia 3 na nusu, tarehe 21 ikashuka zaidi ya 3. Siku mbili nyekundu, kama unavyozipenda. Siku ya tatu ya soko, Jumatatu tarehe 24, ikashuka karibu asilimia 7. Ungekuwa umeingia na ile ada kwa mara tano, asilimia 7 hiyo ingekugharimu kama 800,000 kwa siku moja, theluthi ya ng'ombe wa baba yako. Kesho yake hisa ikapanda karibu asilimia 7, na kwenye grupu bila shaka watu walishangilia.

Hata hivyo daftari lako lina kitu cha kweli ndani yake, ila unakitafuta ukurasa sio. Fanya hivi leo usiku. Funika alama zote za kupanda na kushuka, acha namba tupu. Utaona kwamba kuna wiki ambazo namba ni ndogo ndogo, nusu asilimia, moja, moja na nusu, na kuna wiki zimejaa nne, sita, tisa. Siku kubwa hazijatawanyika ovyo, zinafuatana. Mtu wa kwanza kuliandika hili kwa uwazi alikuwa Benoit Mandelbrot mwaka 1963, na alikuwa anachunguza bei za pamba, zao ambalo Usukuma nzima inalijua. Alisema mabadiliko makubwa hufuatwa na mabadiliko makubwa, ya kupanda au ya kushuka. Mwaka 1982 Robert Engle akatengeneza njia ya kuyapima, na mwaka 2003 akapewa Nobeli ya uchumi kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo jana inakuambia kitu kuhusu leo, lakini inakuambia ukubwa wa mwendo. Upande haikuambii. Mpango wako wote umejengwa juu ya upande.

Tazama Aprili 2025. Tarehe 2 Rais Trump alitangaza ushuru mpya. Tarehe 3 na tarehe 4 Nvidia ilishuka zaidi ya asilimia 7 kila siku. Jumatatu tarehe 7 ikapanda kama 3 na nusu, tarehe 8 ikashuka kidogo. Tarehe 9 Trump akasimamisha sehemu kubwa ya ushuru ule kwa siku 90, na hisa ikaruka karibu asilimia 19 kwa siku moja. Tarehe 10 ikarudi chini karibu 6. Nani alijua ushuru utasimamishwa Jumatano ile? Daftari haliwezi kuwa na hilo. Aliyejua kwamba wiki ile ni ya mawimbi makubwa alijua kitu cha kweli, na kilimwambia apunguze hela yake iliyo hatarini. Hayo ndiyo matumizi halali ya daftari.

Tuje kwenye mara tano, yaani kuingia sokoni kwa mkopo wa broka, mwenye programu yako, maana hapa ndipo ninapoogopa kwa ajili yako.

Jumatatu ya tarehe 27 Januari 2025, habari za DeepSeek, programu ya akili mnemba ya Wachina iliyosemekana kutengenezwa kwa gharama ndogo, ziliwashtua wenye hisa za chipu. Nvidia ikashuka asilimia 17. Karibu dola bilioni 590 za thamani yake zikaondoka kwa siku moja, hasara kubwa ya siku moja kuliko zote katika historia ya soko la Marekani. Zidisha 17 kwa tano, unapata 85. Kati ya 2,400,000 ungebakiwa na 360,000, na kwa kweli hata hizo pengine usingezipata, kwa sababu broka hufunga biashara yako mwenyewe hela ikikaribia kuisha. Ndiyo maana ya kuunguza akaunti. Bei ilirudi kesho yake kwa karibu asilimia 9, lakini aliyekwisha kufungiwa hakurudi nayo.

Najua utaniambia una stop losi, lile agizo la kuuza lenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka. Siku ile hisa ilifunguka tayari iko chini kwa zaidi ya asilimia 12 kutoka ilipofunga Ijumaa. Agizo la "niuzie ikishuka asilimia 3" halikupata mahali pa kusimama, bei ilipita juu yake soko likiwa limefungwa, na uliuziwa kwa bei iliyokuwepo mlango ulipofunguliwa. Mwendo mkubwa wa hisa hizi mara nyingi hutokea usiku wetu, kati ya kufunga na kufungua, wakati wewe umekwisha kuandika na kufunika kalamu.

Na kuna usiku ambao tarehe yake inatangazwa mapema. Nvidia hutoa hesabu zake mara nne kwa mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Februari, mwishoni mwa Mei, mwishoni mwa Agosti, na katika Novemba, baada ya soko kufungwa. Miezi yako mitatu ina Agosti ndani yake. Mei 2023 hesabu zilikuwa nzuri, siku iliyofuata hisa ikaruka asilimia 24. Agosti 2024 hesabu zilikuwa nzuri pia, juu ya makadirio ya wachambuzi, na kesho yake hisa ikashuka zaidi ya asilimia 6, kwa kuwa watu walitarajia makubwa kuliko hayo mazuri. Kwa hiyo hata ungejua matokeo ya kampuni kabla ya dunia nzima, bado usingekuwa na uhakika wa rangi ya mshumaa.

Niseme pia kuhusu asilimia zenyewe, maana vijana wengi wanajikwaa hapa. Ukianza na 100 ikashuka asilimia 17, una 83. Ikipanda asilimia 9 hurudishi zaidi ya nusu ya ulichopoteza kama inavyosikika, una kama 90 na nusu. Kushuka nusu kunadai kupanda mara mbili ili urudi ulipokuwa. Hisa inayoyumba sana inaweza kukuonyesha siku za kijani nyingi kuliko nyekundu na bado hela yako ikapungua, kwa sababu nyekundu chache zilikuwa nzito.

Tuachane na mkopo kabisa, tuseme ungeweka ada kavu kavu. Mwendo wa kawaida wa hisa hii kwa siku umekuwa kama asilimia 3, juu au chini, wakati soko zima la Marekani kwa wastani ni kama 1. Miezi mitatu ina siku za soko 63 hivi. Siku za kupanda na za kushuka hufutana kwa sehemu, kwa hiyo huzidishi 3 kwa 63. Unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 63, ambacho ni karibu 8. Unapata 24. Yaani bila balaa lolote, bila DeepSeek wala ushuru, ni jambo la kawaida kabisa Oktoba ikukute na 2,900,000 au ikukute na 1,800,000. Chuo hakitakuuliza chati. Mdogo wako atasimama dirishani na pungufu ya 600,000, na baba yako hana ng'ombe wengine wa kuuza kwa ajili hiyo, au hata kama anao, si haki.

Sikuambii kampuni hii ni mbaya. Mwaka 2023 hisa yake ilipanda zaidi ya mara tatu, 2024 ikapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Lakini waliovuna hayo ni waliokuwa wamekaa nayo mwaka 2022 ilipopoteza nusu ya thamani yake, na 2008 ilipoteza robo tatu. Waliweza kukaa kwa sababu hela ile haikuwa na tarehe. Ya kwako ina tarehe, na ina jina la mtu mwingine.

Tena chunguza unachonunua ni nini. Programu inayokupa mara tano mara nyingi haikuuzii hisa, inakuuzia mkataba wa tofauti ya bei kati yako na broka. Humiliki kitu Nvidia, na kila usiku unaolala na biashara wazi unakatwa riba ya ule mkopo. Mamlaka ya masoko ya Ulaya ilipochunguza mikataba hii mwaka 2018 ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupoteza hela, ikaweka kikomo cha mkopo kwa hisa moja moja: mara tano. Unachopewa wewe kama zawadi ndicho wenzetu walichoweka kama mwisho wa hatari wanayoweza kuivumilia.

Hivi ndivyo ningefanya mahali pako, na nakuomba ufanye wiki hii. Piga simu Ukerewe, mwambie baba hela ipo, muulize kama chuo kinapokea malipo mapema. Kama bado, ihamishe kutoka kwenye simu yako ya biashara, maana huko hata bila Nvidia siku moja itanunua gunia la dagaa. Kuna Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao umewekwa kwa hela za muda mfupi kama hizi, au akaunti ya muda maalumu ya miezi mitatu benki. Ikiwezekana iwe kwa jina la mdogo wako mwenyewe. Faida itakuwa ndogo. Mwezi wa kumi itakuwepo.

Mkeo mwambie yote, pamoja na ulichokuwa unawaza juu ya ada. Usimpe nusu. Amekwisha kuona unavyoamka usiku, na asiyejua sababu huwaza mabaya zaidi ya yaliyopo. Hukuwa umeigusa hela, kwa hiyo hilo ni zungumzo la saa moja. Ukisubiri hadi uiguse litakuwa zungumzo la miaka.

Ile 1,500,000 ni yako, na wewe ni mtu mzima. Ila iondoe kwenye mkopo kabla ya hesabu za Agosti, siku yoyote iliyotulia, hata kama utafunga kwa hasara kidogo. Kisha angalia kama broka wako yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kama hayumo, toa hela zako kwanza, maswali baadaye. Ukitaka kubaki na hisa, shika hisa halisi, bila mkopo, kwa hela ambayo isipoonekana miaka mitano hakuna atakayelala njaa wala kukosa darasa. Kumbuka pia kwamba hisa ya dola ina mawimbi mawili: mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda ghafla dhidi ya dola, na mtu aliyekuwa na faida ya dola aliona sehemu yake ikiyeyuka alipobadilisha. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina benki na kampuni unazozipita kila siku mjini, na bei zake husogea taratibu zaidi, ingawa utaratibu huo una shida yake, siku ya kutaka kuuza unaweza kukosa mnunuzi.

Daftari endelea nalo ukipenda, mara moja kwa wiki inatosha. Nitumie jibu la broka kuhusu leseni, nitalisoma.

Shangazi